Kiatu cha Kulia

Birika lilirudi la kwanza. Mwokaji alikuwa uani anachambua maharage juu ya mfuniko wa ndoo, kwa kuwa sinia hawakuwa nalo tena, akalisikia likigonga geti kwa mdomo wake, taratibu, kama mtu aliyesahau ufunguo. Akafungua. Birika likavuka ua, likaingia jikoni, likapanda juu ya jiko na kukaa upande ule ule lilikozoea kukaa. Ndani lilikuwa na chai ya watu, bado ya moto, yenye sukari nyingi kuliko inavyotumika katika nyumba ile.

Mwokaji akaimwaga chai, akalisuuza birika, akaliambia, "Asante." Kisha akarudi kwenye maharage.

Nyumba ile ilikuwa ya watu wa dini ndogo. Mtaani nyumba zao zilihesabika kwa vidole, na vidole vikabaki. Dini yenyewe haina makuu. Haina mavazi yake, haikatazi chakula, nyumba yao ya sala ni chumba kimoja chenye mabenchi. Ila ina sheria moja: kitu kilichokutumikia kutwa nzima, hulali kabla hujakishukuru, kwa jina lake na kwa sauti. Wanashukuru ndoo, wanashukuru sindano, wanashukuru ngazi wakishashuka. Waumini wa dini kubwa, yaani mtaa wote uliobaki, waliwaita Waasante, na kwa miaka mingi lilikuwa jina la utani tu. "Ufagio umeushukuru leo, au umekununia?" watu waliwauliza dukani. Waasante nao walicheka, kwa sababu kusema kweli ufagio wa nyumba ile ulikuwa na tabia ya kununa.

Mwenye nyumba alikuwa Bibi, mjane mwenye magoti mabovu na kumbukumbu nzima. Wanawe walikuwa wawili. Mkubwa, Fundi Nguo, alikuwa kapera mwenye maneno mengi. Mdogo, Fundi Viatu, alimwoa Mwokaji, ambaye kila alfajiri alikwenda kuoka mikate katika bekari ya njia panda. Ndugu hao walifanya kazi katika chumba kimoja cha mbele kinachotazama barabara, mmoja na cherehani yake huku, mwingine na nyundo na msharasi wake wa kutobolea ngozi kule, na katikati ubishi usiokwisha. Fundi Viatu ndiye pia aliyetunza nyumba ya sala. Aliifagia, akapanga mabenchi, jioni akaifunga kwa kufuli na kulishukuru kufuli.

Viatu vyake mwenyewe alivishona kwa mkono, vya ngozi nyekundu, na kiatu cha kulia kilikuwa na kasoro. Kililia. Kila alipokanyaga, kilitoa mlio mwembamba uliosikika tangu kona ya mtaa. Fundi wa viatu kuvaa kiatu kinacholia ni tangazo baya la biashara, na kaka yake hakumpa nafasi. Fundi Viatu alikuwa na jibu moja tu: "Si kinaitwa cha kulia? Kiache kilie." Mkewe aliusikia mzaha huo tangu siku za uchumba na bado ulimchekesha, jambo ambalo shemeji yake alilihesabu kuwa ugonjwa.

Fujo zilitokana na neno. Asubuhi moja ghala la nafaka la sokoni lilishika moto, na wakati huo huo Mwokaji alikuwa bekari anatoa mikate ya mwisho. Alitoa trei, akafunga mlango wa tanuri na kusema kama alivyosema kila siku ya maisha yake ya kazi, "Asante, moto." Dirishani alikuwepo mteja. Mteja alisikia neno, akainua macho, akaona moshi wa ghala nyuma ya mapaa. Alipofika kwake na mkate wake, habari ilikuwa kwamba mwanamke wa Kiasante ameushukuru moto ulioteketeza chakula cha watu. Adhuhuri habari ilisema ameutuma. Alasiri ilisema wameutuma wote, na ya kwamba kila jioni wakisema na vitu vyao hupanga mambo kama hayo.

Watu walikuja na mafuta ya taa na marungu. Wengi wao walikuwa wateja wa chumba cha mbele. Wengine walivaa suruali zilizopunguzwa na Fundi Nguo mwezi ule ule.

Aliyewaokoa ni Mama Mkaa, jirani wa ukuta kwa ukuta, mwenye sauti kubwa na dini kubwa. Alitokea mlango wa uani, akafungua ghala lake la mkaa, akamsukuma Bibi ndani, kisha wengine. "Ingieni," akasema. "Mtanishukuru baadaye." Akafunga, akavuta kiti, akakaa mlangoni na kuanza kupima mkaa kwenye debe kana kwamba ni siku ya biashara. Hakuna aliyethubutu kusogeza kiberiti karibu na ghala la mkaa, maana likiwaka lile linakwenda na mtaa mzima, dini kubwa kwa ndogo.

Ndani kulikuwa na giza na vumbi. Walikaa juu ya magunia wakisikiliza nyumba yao ikitolewa nje kipande kwa kipande. Walilitambua kabati kwa mlango wake uliokuwa ukigonga, wakaitambua cherehani kwa gurudumu lake. Ndipo Fundi Viatu akashtuka.

"Kufuli," akasema. "Nimefunga nikakimbia. Sijalishukuru."

"Kesho," akasema Fundi Nguo. "Liambie asante na samahani kwa pamoja."

"Jua linazama, kaka."

"Na wewe utazama nalo."

Mwokaji alimshika mkono. Fundi Viatu aliushukuru mkono ule, akautoa taratibu, akasema hakawii, kwamba ni hapo tu, kwamba sheria haina mahali inaposema isipokuwa siku ya fujo. Akapita kwenye tundu la nyuma wanalopitishia magunia. Walikisikia kiatu cha kulia kikilia kuufuata ukuta, kikakata kona, kikaendelea kufifia. Kisha hawakukisikia tena.

Walipotoka kesho yake walikuwa weusi kuanzia nywele hadi kucha. Mama Mkaa alicheka alipowaona, kisha akalia, kisha akaenda kuwachotea maji. "Asante ya punda ni mateke," akasema akimmiminia Bibi. "Miaka yote hiyo mnauvalisha mtaa huu nguo na viatu." Nyumba yao haikuchomwa kwa kuwa inagusana na za wengine. Ilibaki kuta, jiko la matofali na mapazia mawili. Nyumba ya sala iliungua, ukabaki ukuta wa mbele na mlango wake. Mzee muuza vioo wa mtaa wa pili, Mwasante mwenzao, alikutwa ndani ya duka lake lililoungua. Fundi Viatu hakukutwa popote.

Mwokaji alirudi kazini baada ya muda, kwa sababu mwenye bekari alimwita na kwa sababu watu watatu walikuwa wanamtegemea, akimhesabu mumewe. Alishukuru trei, alishukuru meza ya kukandia, alishukuru hata hamira. Moto hakuushukuru. Neno lilifika mdomoni likakwama. Jioni moja alimweleza Bibi, bila kulia, kwamba asante yake ndiyo iliyowaleta watu wale, na asante ya mumewe ndiyo iliyompeleka kwao.

Bibi alikuwa anasuka mkeka, na hakusimamisha vidole. "Mwanangu," akasema, "mtu hauawi na asante. Mtu anauawa na watu."

"Mama, hujui kama ameuawa."

"Kweli, sijui. Basi tungoje."

Hapo ndipo birika liliporudi, na baada ya birika vingine vikafuata. Sinia lilikuja likijiviringisha ukingo kwa ukingo. Vyungu vilirudi vimeshikana kwa mpangilio wa ukubwa, kikubwa mbele. Cherehani ilikuja mchana kweupe ikiendeshwa na gurudumu lake, ikishona hewa njia nzima, na nguo mpya ya mtu ikining'inia kwenye sindano. Kila kitu kilipofika kilishukuriwa, kikaenda mahali pake.

Mtaa haukushangaa. Uliona haya kidogo, halafu ukazoea. Kila kitu kilitoka kwenye mlango fulani, na watu wana macho, kwa hiyo ilijulikana nani alichukua nini, mpaka vijiko. Wenye milango hiyo walitafuta lugha. "Kabati lenu lilikuwa linapita," alisema baba wa nyumba ya kona, ambaye kabati lilikuwa limetoka chumbani kwake kwa kumvunjia kitasa. "Nikaona nilisindikize, lisije likagongwa na gari." Fundi Nguo alimjibu kwamba amefanya vizuri, kwani kabati hilo ni geni kwa njia ile, limeipita mara moja tu, na siku hiyo lilibebwa.

Kitu kimoja hakikurudi, redio. Fundi Nguo aliinunua karibuni na hakuwahi kuipa zaidi ya matusi kwa sababu ya mikwaruzo yake. Iliendelea kuimba katika nyumba ya ng'ambo ya barabara, tena kwa sauti safi. "Nilistahili," alikiri, na siku hiyo aliishukuru cherehani mara mbili.

Kiti cha Bibi kilirudi kutoka nyumbani kwa mwenyekiti wa mtaa. Ni kiti cha mbao chenye mikono, kipana, ambacho marehemu mumewe alimtengenezea alipokuwa na mimba ya kwanza. Kilifika kimebeba mto wa sufi, wa kitambaa cha bei mbaya. Bibi aliutoa mto, akaukung'uta, akamtuma Fundi Nguo aurudishe. "Huu hatujawahi kuushukuru, si wetu," akasema. Akakaa, akaishika mikono ya kiti, akafumba macho kwa raha. "Mwambie Mwenyekiti cheo abaki nacho. Mwenye kiti ni mimi."

Nyumba ilijaa tena, na nyumba ikijaa mtu huanza kufikiri. Mwokaji alifikiri hivi: birika lilishukuriwa likarudi, kiti kilishukuriwa kikarudi. Mume, yeye Mwokaji alimshukuru kila jioni tangu walipooana, hata siku walizogombana, siku hizo kwa kifupi. Basi kwa nini asirudi? Alianza kuwasha jiko kabla ya magharibi na kuweka sahani ya pili kwenye mkeka.

Fundi Nguo alitaka wahame. Mjomba wao aliyekuwa mji mwingine alikuwa amewatengea vyumba, na lori lake lilikuwa tayari kuja kuwachukua mwisho wa wiki. "Shemeji," alisema, "vyombo vimerudi. Vipakiwe. Mtaa uliotuibia mara moja umejua njia."

"Nendeni," akasema Mwokaji. "Mume wangu akirudi akute jiko linawaka."

"Na asiporudi?"

"Kabati limerudi, shemeji. Kabati halina hata miguu."

Fundi Nguo alirudi kwenye cherehani yake. Alimpelekea mjomba habari kwamba lori lisubiri.

Mwokaji alikwenda ofisini kwa Mwenyekiti kuuliza habari za mumewe. Mwenyekiti alikuwa mtu mnene, mpole wa maneno, ambaye zamani alizoea kusimama kila anapoingia mwanamke. Safari hii alibaki amekaa. Mikono yake ilikuwa imeshika ukingo wa meza, na uso ulikuwa na jasho ingawa dirisha liko wazi.

"Tunalifuatilia, mama," akasema. "Huenda alisafiri. Wanaume husafiri."

"Hajaaga, Mwenyekiti. Mume wangu haagi watu tu. Anaaga hata mlango."

"Tunalifuatilia." Meza ilisogea kidogo kuelekea mlangoni. Mwenyekiti akairudisha kwa tumbo.

Watu walisema tangu fujo ziishe Mwenyekiti hatembei kama zamani. Walimwona njiani ameshikilia uzio wa watu kwa mikono miwili, miguu ikitaka kwenda huku na yeye kule. Walidhani ni baridi yabisi, wakampa majina ya dawa.

Siku moja jua likielekea kuzama, Mwokaji alikuwa anamenya vitunguu jikoni aliposikia kitu mbali, mwanzo wa mtaa. Kililia, kikanyamaza hatua moja, kikalia tena. Akaweka kisu chini. Kiatu cha kulia kilikuwa kinakuja, kikakata kona ya bekari, kikapita nyumba ya kabati, na kadiri kilivyokaribia ndivyo mikono yake ilivyofanya kazi yenyewe: ikaweka birika jikoni, ikavuta sahani ya pili, ikafunga kilemba upya. Chumba cha mbele cherehani ilisimama. Bibi alikuwa ameinuka kitini, yeye na magoti yake.

Mlio ukafika mlangoni.

"Hodi," ikasema sauti.

Haikuwa sauti yake. Mwokaji aliijua kabla neno halijaisha, na bado akasema, "Karibu," kwa kuwa hodi haina jibu lingine.

Mwenyekiti aliingia miguu mbele na mwili nyuma, ameshika fremu za mlango mpaka vidole vikaachia kimoja kimoja. Miguuni alikuwa amevaa viatu vya ngozi nyekundu. Vilimpitisha sebuleni, vikamfikisha hadi kwenye mkeka, mbele ya sahani ya pili, vikasimama.

"Nilikuwa nakwenda kwangu," akasema. "Miguu imeleta huku."

"Si miguu," akasema Bibi. "Ni viatu. Mpeni kigoda akae."

Akapewa kigoda. Alijaribu kuvua viatu, havikutoka. Alivuta kisigino, akavuta kidole, akapumua kwa nguvu, akasema vimekuwa hivyo kwa muda sasa, kwamba amevificha kwa suruali ndefu na havikulia hadi leo, kwamba analala navyo na mkewe amelalamika. Fundi Nguo alikuwa amesimama mlangoni na mkasi wake mkubwa mkononi. Aliutazama mkasi, akaenda kuuweka mezani, mbali.

Mwokaji alipiga magoti. Vifundo vya kamba alivijua, vilikuwa bado vile vile alivyofunga mumewe. Mwenyekiti alivaa bila kufungua. Mwokaji akafungua cha kushoto, kisha cha kulia, akaviambia, "Asanteni kwa kuja." Viatu vikatoka vyenyewe kama miguu imetiwa mafuta.

"Umevipata wapi, Mwenyekiti?"

"Nilivikuta."

"Vikiwa wapi?"

Mwenyekiti alitazama soksi zake. "Vikiwa havina mtu," akasema.

Chai ilikuwa imechemka, birika likainua mfuniko wake na kuushusha. Viatu viligeuka juu ya mkeka, kimoja baada ya kingine, vikaelekea mlangoni, vikasimama kizingitini vikingoja.

Mwokaji akavifuata. Fundi Nguo akamfuata yeye. Mama Mkaa, aliyekuwa anafunga biashara, aliwaona wanapita, viatu vitupu mbele na watu wawili nyuma, akajifunga khanga kiunoni akaungana nao bila kuuliza. Bibi alibaki na mgeni. Alimmiminia chai, kwa kuwa mgeni ni mgeni, na hakumwekea sukari.

Viatu vilikwenda polepole ili wasiachwe. Viliufuata ukuta, vikapita mbele ya mlango wa nyumba ya sala uliokuwa umesimama peke yake na kufuli lake, vikazunguka nyuma, mahali penye kisima cha zamani kisicho na maji. Mdomo wa kisima ulikuwa umejazwa matofali yaliyoungua. Hapo viatu vikasimama, vimepangwa sambamba, pua zikitazama nje, kama alivyoviweka Fundi Viatu kila anapopanda kitandani. Kiatu cha kulia kiliacha kulia.

Walianza kuondoa matofali kwa mikono. Bado kulikuwa na mwanga wakati wanaume wawili wa mtaa walipotokea na kamba, bila kuitwa. Mmoja alikuwa baba wa nyumba ya kona, yule wa kabati. Yeye ndiye aliyeshuka kisimani. Walimtoa Fundi Viatu na kumlaza juu ya khanga ya Mama Mkaa, peku. Ngumi yake ya kulia ilikuwa imefumbwa, na ndani mlikuwa na ufunguo wa kufuli. Mwokaji alimfunika uso. Kisha akawashukuru wanaume wale, mmoja baada ya mwingine, kwa kamba na kwa kushuka, na yule wa kabati akaketi chini akalia kwa sauti.

Waliporudi nyumbani na mzigo wao, Mwenyekiti alikuwa bado pale pale kwenye kigoda, kikombe kimeisha. Aliwapa pole. Alisimama, akanyoosha shati, lakini hakuondoka. Alikuwa kama mtu aliyesahau kitu.

"Jamani," akasema mwishowe, kwa upole wake wote, "ninyi ndio watu wa shukrani. Sikustahili hata asante? Mimi ndiye niliyewaletea viatu."

Mwokaji aliokota kikombe kitupu.

"Viatu nimevishukuru," akasema.

Mwenyekiti alingoja kidogo. Kisha akaenda zake kwa soksi, na safari hii miguu ilimtii.

Walizika kesho yake. Watu walijaa kuliko walivyotarajiwa, na wengi walileta mabenchi yao. Mwenyekiti alitoa hotuba. Alisema yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Alisifu utulivu wa Waasante, akasema mtaa huu ni mmoja na utabaki mmoja. Watu wa dini kubwa walipiga makofi, na kwa kuwa makofi msibani hayafai, wakayakatisha katikati. Bibi alimsikiliza akiwa kwenye kiti chake, ambacho kilikuja makaburini nyuma yake kwa miguu yake minne, kwa sababu ya yale magoti.

Askari nao walifika. Waliuliza maswali, wakaelezwa jinsi viatu vilivyotembea, wakakubali kwamba ndivyo ilivyokuwa, maana mtaa mzima ulishuhudia. Lakini viatu, walisema, haviwezi kutoa ushahidi, na kuvikuta viatu si kosa. Hakuna aliyekamatwa, si kwa fundi, si kwa muuza vioo, si kwa nyumba ya sala. Lori la mjomba lilikuja, likanywa maji kwenye rejeta, likarudi tupu. Fundi Nguo alisema mtu hahami na kaburi bado bichi, na kwamba isitoshe ana suruali za watu, ingawa watu wenyewe ni hao hao.

Jioni za siku zile, baada ya kushukuru vyombo, Mwokaji alikuwa anabaki mkekani akiendelea. Alimshukuru Mama Mkaa kwa ghala na kwa kile kiti alichokalia mlangoni. Mama Mkaa alisikia kupitia ukutani, akajibu kwa sauti kubwa, "Asante kushukuru! Sasa laleni!" Mwokaji aliishukuru kamba. Alishukuru kwamba ana mahali pa kwenda kupanda maua, wakati mke wa muuza vioo aliletewa majivu na kuambiwa achague yapi ni ya mumewe. Alikishukuru kiatu cha kulia, ambacho sasa kilikaa na mwenzake chini ya kitanda, pua nje, kimya. Hakuwa anajilazimisha. Moyo wake ulikuwa umevunjika na ulikuwa umejaa shukrani, na aligundua kwamba moyo uliovunjika unaweza kujaa vizuri tu. Mwisho kabisa, kila siku, alikwenda mwisho wa mtaa kwenye ule mlango usiokuwa na nyumba, akatia ufunguo, akafungua na kufunga, akasema asante ambayo mumewe hakuimaliza. Kisha akarudi.

Asubuhi Mwenyekiti alikuja bekari kununua mkate. Hakuwa mteja wa pale zamani, mkewe aliagiza kwingine. Sasa alikuja kila siku, na viatu vipya vya dukani, visivyolia. Alichukua mkate wake, kisha akabaki dirishani muda mrefu kuliko mkate mmoja unavyohitaji, akimsikiliza Mwokaji akiishukuru trei, akikishukuru kisu, akiishukuru karatasi ya kufungia. Wateja wengine walijua anangoja nini. Walimpisha nafasi.

Siku moja alikuwa amesimama hapo hapo, na nyuma yake foleni, na katika foleni yule mteja wa siku ya ghala. Mwokaji alifungua tanuri. Alitoa trei ya mwisho, akaiweka mezani, akaishukuru. Akageuka akautazama moto kwa ndani, ulivyokaa chini, mwekundu, umetulia. Mwenyekiti alijisogeza karibu na dirisha.

"Asante, moto," Mwokaji akasema, kwa sauti, ili asikie kila aliyekuwepo.

Akafunga mlango wa tanuri. Akachagua mkate, akaufunga kwa karatasi, akautoa dirishani.

"Mkate wako huu, Mwenyekiti," akasema. "Ni wa moto."

Mwenyekiti akaupokea kwa mikono miwili. Akasubiri kidogo, kisha akampisha aliyefuata.